Mwalimu Mmoja Kisiwani

Katika mijadala ya elimu, neno "ubora" limekuwa kama kanzu ya kuazima: kila mmoja huivaa na haimkai hata mmoja. Waziri akilitamka hukusudia majengo, mfadhili hukusudia takwimu, mzazi hukusudia daraja la mtihani. Mimi nikilitumia hapa nakusudia jambo dogo zaidi: je, mwalimu aliyeingia darasani mwanzo wa mwaka atakuwamo mwisho wa mwaka, amelipwa, na anakijua anachokifundisha? Swali hili halionekani kwa uwazi mahali popote kuliko katika nchi ndogo za visiwa.

Kundi la Nchi Ndogo za Visiwa Zinazoendelea lilitambuliwa rasmi katika mkutano wa Rio de Janeiro mwaka 1992. Tangu hapo nchi hizo zimekutana Barbados mwaka 1994, Morisi mwaka 2005, Samoa mwaka 2014, na Antigua na Barbuda mwaka 2024. Kinachotawala mikutano hiyo ni kupanda kwa bahari, tufani na madeni, na si bure, maana baadhi yao zinaweza kubaki majina katika ramani. Lakini mwalimu hutajwa mkiani.

Udogo una hesabu yake. Kisiwa chenye watoto arobaini kinamhitaji mwalimu wa hesabu kama kinavyomhitaji kisiwa chenye watoto elfu nne. Mshahara ni uleule, watoto ndio wachache. Maldivi ina visiwa vinavyokaliwa na watu vipatavyo 200, na kwa miongo kadhaa imetegemea walimu kutoka India na Sri Lanka. Shelisheli, yenye watu wapatao laki moja, nayo huajiri walimu wa kigeni, wakiwemo Wakenya. Katika nchi kubwa walimu watano wa fizikia wakiacha kazi, afisa wa wilaya huandika barua. Katika nchi ya namna hii somo lenyewe linaweza kufa.

Mfano ulio jirani nasi, na unaoniuma zaidi, ni Komoro. Sisi wa pwani tuna deni kwao. Sheikh Ahmed bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, alikuwa kadhi mashuhuri wa Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1925, na Sheikh Burhan Mkelle, Mngazija pia, alisomesha katika skuli za serikali hapo hapo Unguja. Visiwa vilivyotupa walimu ndivyo leo vinavyoshindwa kuwashika walimu wao.

Wanashindwaje? Katika miaka ya 1990 na 2000 mishahara ya watumishi wa umma ilicheleweshwa kwa miezi, walimu wakagoma mara kwa mara, na skuli za serikali zikapoteza sehemu kubwa za mwaka. Mwalimu asiyelipwa alitafuta vipindi katika skuli binafsi za mjini, na mzazi mwenye uwezo akampeleka mwanawe huko huko alikokwenda mwalimu. Skuli ya umma ikabaki na watoto wa wasio na pa kwenda. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kuibinafsisha elimu ya Komoro. Kuchelewa kwa mishahara kulitosha kuifanya kazi hiyo.

Wapo wanaosema walimu hawa wamekosa uzalendo. Kutoka Nzwani hadi Mayotte ni kilomita 70 hivi. Ng'ambo hiyo, tangu mwaka 2011, ni mkoa kamili wa Ufaransa na mishahara hulipwa kwa yuro; watu wanazama katika mkondo ule ndani ya vidau wakijaribu kuvuka. Huwezi kumhubiria uzalendo mtu anayedai mshahara wa miezi, ilhali upande wa pili wa maji mwenziwe mwenye shahada kama yake analipwa kila mwisho wa mwezi.

Tena kuna lugha. Mtoto wa Kikomoro huzungumza Shikomori nyumbani, husoma Kiarabu chuoni, kisha akaingia skuli akakuta Kifaransa. Shelisheli ilithubutu zaidi: tangu mwaka 1982 Krioli, lugha ya nyumbani, imekuwa lugha ya kufundishia madarasa ya mwanzo. Sisi wenye Kiswahili, tunaombadilishia mtoto lugha akiwa nusu ya safari, hatuna haki ya kumcheka Mkomoro.

Shelisheli inastahili kutazamwa kwa jambo jingine. Ilishiriki katika utafiti wa pili wa SACMEQ, muungano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, uliowapima wanafunzi wa darasa la sita kwenye mwaka 2000 (Zanzibar ilipimwa peke yake, mbali na Bara). Wastani wake ulikuwa miongoni mwa ya juu. Wizara ingeweza kupiga ngoma ikalala. Badala yake waliingia ndani ya wastani huo, wakakuta tofauti kubwa mno baina ya watoto wa skuli moja, kwa kuwa waligawanywa kwa uwezo tangu wadogo, na wavulana wengi wakarundikana katika madarasa ya walioitwa wazito. Jambo likajadiliwa hadharani na mgawanyo ule ukaachwa. Ni serikali ngapi zetu zimewahi kuchunguza matokeo yaliyozipendeza?

Upo pia wizi wa kistaarabu. Mwaka 2001 jiji la New York lilikwenda Karibi kuajiri walimu, Jamaika ikapoteza mamia. Malalamiko ya visiwa hivyo ndiyo yaliyozaa, mwaka 2004, itifaki ya Jumuiya ya Madola kuhusu uajiri wa walimu: nchi inayoajiri ishauriane na nchi inayotoa, isiwachukue walimu katikati ya mwaka wa masomo, na haki ya mwalimu kuhama isiguswe. Ni maandishi mazuri, ila hayamfungi mtu kisheria, na Komoro si mwanachama wa Madola.

Ndugu zangu mlioko wizarani, hapa ndipo pa kuanzia. Kenya na Tanzania zina walimu wengi waliohitimu wasio na ajira. Komoro ina uhaba, na vijana wake wengi wanasoma katika vyuo vikuu vya Tanzania. Mkataba wa kupelekeana walimu kwa miaka miwili au mitatu hauhitaji mkutano wa kilele. Unahitaji kifungu kimoja ambacho nisingekubali kiachwe: mishahara ya walimu, wenyeji na wageni, iwekwe katika akaunti ya pamoja kabla ya skuli kufunguliwa, isiguswe na hazina kwa matumizi mengine. Wageni wakilipwa kwa wakati na wenyeji wakasubiri, tutakuwa tumepeleka Moroni ugomvi mpya juu ya ule wa zamani.