Nani ana ufunguo wa kanda?

Wizi wa simu ukizidi katikati ya Nairobi, jibu huwa limeshaandaliwa: ziongezwe kamera. Mwanasiasa analitamka, wenye maduka wanaliitikia, na mradi mwingine unaanza kutafutiwa fedha. Hatuna ugomvi na kamera. Tunauliza tu nani anazitazama, na zikishanasa jambo, nani ana uwezo wa kulifuta.

Tuanze na kile ambacho tayari kimelipiwa. Baada ya shambulio la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lililoua watu 67, serikali iliipa Safaricom kandarasi ya Sh14.9 bilioni mwaka wa 2014 iwatengenezee polisi mtandao wa mawasiliano na kuweka kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Huawei, waliotoa mitambo, walijitapa baadaye kwamba mwaka wa 2015 uhalifu ulishuka kwa asilimia 46 katika maeneo yenye kamera. Mwenye bidhaa akiisifu bidhaa yake, hiyo si habari. Takwimu za polisi wenyewe zilionyesha upungufu mdogo kuliko huo, na kufikia 2017 visa vilivyoripotiwa Nairobi vilikuwa vimepita hata vile vya kabla ya kamera kuwekwa.

Hilo halikupaswa kumshangaza mtu. Mwaka wa 2019 watafiti wa Marekani na Uingereza walichapisha matokeo ya kupitia tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za aina hii katika nchi mbalimbali. Uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13, na mafanikio makubwa yalionekana kwenye maegesho ya magari. Palipokuwa na mtu anayetazama skrini na kuchukua hatua, kamera zilifaa zaidi. Kwa uhalifu wa kutumia nguvu, hazikuonekana kupunguza kitu. Mwizi wa gari hupima kwanza kama ataonekana. Mlevi mwenye kisu hapimi.

Pita Luthuli Avenue ujionee biashara yenyewe. Kuna kamera inayorekodi, na kuna ganda tupu lenye kitaa chekundu kinachomweka kwa betri, la kutishia tu. Ukinunua ile ya kweli, kisanduku cha kurekodia kitawekwa chini ya kaunta, karibu na soketi, na mwizi anayeijua kazi yake ataondoka nacho pamoja na mauzo ya siku. Asipokibeba, huenda ukakuta kamera ilifungwa juu mno, na kanda nzima ni kofia na mabega.

Tuseme basi kila kitu kimekwenda sawa na sura ya mwizi imenaswa. Aliyeibiwa anakwenda kituoni, anapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kuambiwa alete kanda. Bawabu wa jengo anamwelekeza kwa meneja, meneja anadai barua ya polisi, na kituoni anaambiwa afisa anayeshughulikia faili yuko nje kikazi. Wakati huo wote kifaa hakimngoji mtu. Diski ikijaa kinaandika juu ya picha za zamani, na barua ikija kusainiwa, kilichobaki ni video za watu wengine wakinunua soda.

Huo ni uzembe, na uzembe una dawa. Kuna jambo zito zaidi. Ukikumbuka kanda zilizowahi kuwafungua Wakenya macho, utaona kuwa si zile ambazo funguo zake wanazo polisi. Kamera za jengo la Westgate ndizo zilizoonyesha wanajeshi waliotumwa wakati wa shambulio wakitoka katika supamaketi na mifuko ya plastiki. Mwishoni mwa 2024, vijana waliokosoa serikali walipokuwa wakitekwa mchana kweupe, ilikuwa kamera ya mtu binafsi iliyoonyesha mmoja wao akisukumwa ndani ya gari huko Uthiru. Bila kamera hizo tungebaki na taarifa za wasemaji wa serikali.

Sasa linganisha na Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, Juni 2025. Mwalimu kijana na mwanablogu alikamatwa Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na usiku huohuo akapoteza maisha mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliofanya uchunguzi wa maiti waliyakataa. Kituo kilikuwa na kamera. Lakini Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliwaambia maseneta kwamba mfumo wa kamera hizo ulikuwa umechezewa. Baadhi ya maafisa na raia walishtakiwa kwa mauaji, nao wakakana; hayo tunayaachia mahakama. La kwetu ni kwamba hapakuwa na nakala ya kanda mahali ambapo mkono wa kituo haufiki.

Ndiyo maana tunashangaa kila mjadala wa kamera unapogeuka kuwa mjadala wa idadi. Raia anayepita Moi Avenue usiku hatulizwi na wingi wa nguzo. Anataka kujua kwamba akipiga yowe kuna afisa atakayefika, na kwamba afisa huyo akimpiga yeye badala ya mwizi, kanda haitapotea.

Kwa hivyo, kabla ya shilingi nyingine kutoka, Bunge liitake Wizara ya Usalama wa Ndani iseme hadharani ni ngapi kati ya zile kamera 1,800 zinafanya kazi leo na ni maafisa wangapi wako zamu kuzitazama. Kamera za vituo vya polisi, hasa za mapokezi na varanda za seli, zitume nakala moja kwa moja kwa IPOA saa hiyohiyo, si baada ya kuombwa kwa barua. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nayo, iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2019, iweke muda ambao kanda haitafutwa pale raia anapokuwa ameripoti kisa, na utaratibu wa kuipata usiomzungusha. Sheria hiyo ina msamaha mpana kwa masuala ya usalama wa taifa, na tunajua wapi hoja hiyo itachomolewa kwanza. Wabunge wasiikubali. Korido ya kituo cha polisi, ambako mshukiwa anapitishwa kuelekea seli, haina siri ya taifa.