Kabla fundi hajapiga Windows upya

Wadau, leo naomba nitoe dukuduku. Hapa kwetu kompyuta ikianza kujizima au kioo kikigeuka bluu, mafundi wengi wana jibu moja: "Ina virusi hiyo, tupige Windows." Mtu ametoka Mbebe na nauli yake, analipa, picha za harusi na hesabu za duka zinafutwa, baada ya wiki mbili mashine inazima tena. Jamani, ugonjwa ulipimwa lini?

Mbona dalili zinasema? Ikizima kwenye programu ileile kila mara, au ilianza siku ulipoweka kitu kipya, shuku programu. Ikizima ovyo, leo ukiandika barua, kesho ukisikiliza muziki, hata fundi akiwa katikati ya kuweka hiyo Windows mpya, shuku vyuma: RAM, diski, umeme unaoingia, au joto (fungua uone vumbi lililojaa kwenye feni!).

Kupima RAM ni bure. Windows yenyewe ina kipimo, andika mdsched. Au weka Memtest86 kwenye flashi uiache usiku kucha. Hiyo inafanya kazi bila Windows kabisa, kwa hiyo ikionyesha makosa, kupiga Windows upya hakutasaidia kitu. Isipoonyesha, bado usiape kwamba vyuma ni vizima.

Sisemi ni kazi rahisi. Mwaka 2024 chipu za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaangusha michezo, na ujumbe uliotokea ulidai kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Wengi wakalaumu kadi na programu zake. Kumbe chipu yenyewe ilikuwa inaomba volti kubwa mno, kwa kosa la maelekezo yaliyo ndani yake. Intel ikatoa marekebisho, lakini chipu iliyokwisha kuungua haikupona.

Tatizo lingine ni sisi wateja. Fundi akisema anatoza kwa kupima tu, tunaona anatuibia. Kupiga Windows tunalipa bila kubisha. Sasa yeye atapima kwa faida gani? Mimi naona tulipie vipimo, tuonyeshwe majibu, ndipo tuzungumze habari ya matengenezo.

Ila kabla ya yote mwambie anakili mafaili yako kwanza. Kama diski ndiyo inakufa, hata hicho kipimo kinaweza kuimalizia.