Bi Harusi, Punguza Gauni Moja Mkapande Mlima



Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatoka kwa mabibi harusi. Kwa hiyo neno la leo halininufaishi mfukoni hata kidogo. Bi harusi, futa gauni moja katika orodha yako, na fedha yake mwende nayo milimani wewe na mumeo, kwa basi la kawaida, begi mgongoni, kwa miguu yenu wenyewe.

Siku hizi bi harusi mmoja ananiletea vitambaa vya mavazi manne au matano: la kichen pati, la sendofu, la nikaha, la walima, na la kubadilisha usiku uleule. Sijaweka sare za wapambe. Gauni la sendofu peke yake, lesi na shanga zake, ni laki kadhaa. Halafu nini? Kabla mwaka haujaisha, gauni lilelile linarudi dukani kwangu, mwenyewe akiniuliza kama namjua mtu wa kulikodi. Limevaliwa saa tano tu. Ndoa ndiyo kwanza inaanza, na wawili hao hawajawahi kukaa pamoja kwenye shida hata ya kukosa basi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tunamwandaa bi harusi kwa hina, singo na mafunzo ya somo. Anafundishwa kupika, kupokea, kunyamaza. Lakini ni nani anayewafundisha wote wawili kuchoka pamoja bila kugombana?

Safari hufunua

Masheikh wetu hutufundisha kwamba safar inaitwa hivyo kwa sababu inafunua tabia za watu. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.), naye akamuuliza kama ni jirani yake, kama amewahi kufanya naye biashara, na kama amewahi kusafiri naye. Yule mtu alipokosa jibu, akaambiwa basi huyo humjui.

Mumeo ukumbini, kwenye kanzu na joho, kila mtu anampenda. Mwangalie saa kumi jioni, mlima umebaki nusu, maji yamebaki chupa moja na mvua inanyemelea. Anakungoja au anatangulia? Akimkosoa mwongozaji, anamkosoa kwa adabu? Alfajiri ya baridi anaamka kuswali au anavuta blanketi? Na wewe pia atakuona: ukichoka unanuna, au unasema wazi kwamba umechoka?

Mimi na mume wangu tulikwenda tukiwa na miaka mitatu ya ndoa. Siku ya kwanza alikuwa mbele yangu hatua hamsini muda wote. Siku ya pili tulikubaliana kwamba anayekwenda polepole ndiye anayetangulia. Kanuni hiyo tumerudi nayo Mwanza, na tunaitumia hata kwenye mambo ya fedha: asiyeweza kasi ndiye anayepanga kasi. Mwenda pole hajikwai.

Tena si jambo geni katika dini yetu mwanamke kutumia miguu yake. Kila anayehiji au kufanya umra anafanya sa'i baina ya Safa na Marwa mara saba, akifuata nyayo za mama mmoja, Bibi Hajar, aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji. Na Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda. Miaka ikapita, wakashindana tena, safari hii akashinda Mtume, akamtania kwamba sasa wametoka sare. Mume na mke wanakimbia, wanacheka, hakuna ukumbi wala mpiga picha.

Kwa nini Usambara

Ukitaja kupanda mlima, watu wanafikiria Kilimanjaro. Ule mlima una mita 5,895, lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni, na kuna ada, wapagazi na siku kadhaa za kulala njiani. Hiyo si safari ya bajeti ya maharusi wapya.

Mimi nasema nendeni Lushoto, Usambara Magharibi. Ni nchi ya milima kweli, milima juu ya milima, na vijiji vimekaa hadi kwenye vilele. Mnatembea kijiji hadi kijiji, kwa hiyo hamhitaji hema. Kiswahili kinatosha kila mahali. Waislamu ni wengi, adhana mtaisikia mabondeni, na chakula cha halali si cha kutafuta kwa tochi. Mwanamke mwenye hijabu anayepita na mumewe hashangazi mtu. Anaulizwa tu anatoka wapi.

Kutoka Mwanza ni mbali, sikufichi. Unapanda basi Nyegezi alfajiri, unapita Shinyanga, Singida na Babati, unalala Arusha. Kesho yake unapita Moshi na Same hadi Mombo, halafu unapanda gari la Lushoto kupitia Soni. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona na makorongo, na kadiri mnavyopanda joto linabaki chini. Nyinyi wa Unguja na Pemba mko karibu kuliko mimi: mkishuka boti, kuna mabasi ya Lushoto kutoka Dar es Salaam na kutoka Tanga.

Siku ya kwanza nendeni Irente na kurudi, mpime miguu. Ni matembezi ya nusu siku tu, na mwisho wake ni ukingo wa jabali, nyika iko chini kabisa mbele yenu. Pale kwenye shamba la Irente wanauza mkate, jamu na jibini. Baada ya hapo, mkiwa na nguvu, chukueni siku tatu: mnapita msitu wa Magamba wenye mbega weusi kwa weupe, mnashukia upande wa Lukozi, mnalala, mnaendelea hadi Rangwi, mnalala, mnamalizia Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima kikiitazama nyika ya Mkomazi. Gari la kurudi kutoka Mtae huondoka mapema mno, ulizeni tangu jioni.

Msitu wa Magamba ni hifadhi na una kiingilio. Chukueni mwongozaji wa pale Lushoto, msijifanye wajuaji. Kubalianeni bei kabla ya kuondoka: ni kwa siku au kwa safari nzima, na chakula na malazi yake ni juu ya nani. Msitembee giza likiingia. Epukeni masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza kama sabuni. Juni hadi Agosti ni pakavu lakini usiku ni baridi kweli, beba sweta.

Sisi tulitumia siku tisa pamoja na njia, na matumizi ya watu wawili hayakufika laki tisa: nauli, vyumba vya kawaida, mama ntilie, mwongozaji na viingilio. Bei hupanda, kwa hiyo ulizeni upya. Lakini linganisha na bajeti ya mapambo ya ukumbi peke yake.

Nguo: hapa naongea kama fundi

Usiende na baibui la mtoko. Unapopanda utalikanyaga pindo la mbele, unaposhuka miba itakamata la nyuma. Dera nalo ni zuri nyumbani, mlimani linaingia upepo na kukufunua.

Shonesha hivi: suruali pana kama ya panjabi, ikusanyike kifundoni. Juu yake gauni jepesi la mikono mirefu, liishie katikati ya muundi, lenye mpasuo pembeni kuanzia usawa wa goti. Mwambie fundi aongeze kipande cha kitambaa katikati ya miguu na kwapani, ili nguo isichanike unapoinua goti au mkono. Weka mifuko miwili yenye zipu, na mmoja wa ndani kwa ajili ya fedha. Kitambaa kisiwe jinsi wala pamba nzito, kikilowa kinakuwa mzigo na hakikauki hadi kesho yake. Chagua mchanganyiko mwepesi usioangaza.

Hijabu iwe ya jezi, haitelezi kama shifoni na haihitaji pini nyingi. Usiweke pini begani, mkanda wa begi utaikandamiza ikuchome. Beba khanga moja. Ni shuka, ni stara chooni, ni taulo, ni mkeka wa kuswalia.

Viatu usinunue vipya vya bei. Pale Mlango Mmoja mitumba ya buti nzuri ipo ukiwa na subira. Kunja soli, kagua gundi, kisha uvivae mtaani wiki mbili kabla ya safari. Kata kucha za miguu, maana mteremko unazisukuma mbele. Hina yako ya harusi ibaki, haizuii udhu. Rangi ya kucha ndiyo ya kufuta.

Na jambo letu wanawake: beba pedi za kutosha na mfuko wa kuhifadhi zilizotumika, duka la kijijini huenda lisiwe nazo. Beba pia chupa ndogo ya maji ya istinja.

Ibada haina shida njiani

Msafiri ana wepesi wake. Dhuhuri, Alasiri na Isha zinapunguzwa kutoka rakaa nne hadi mbili, na unaweza kukusanya Dhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Ukivaa khofu ukiwa na udhu, unapaka maji juu yake siku tatu na usiku wake badala ya kuosha miguu kwenye baridi. Je, buti zako zinatimiza masharti ya khofu? Na mkinuia kukaa mji mmoja siku nne au zaidi, hukumu ya kupunguza inakuwaje? Muulize ustadhi au ustadhat wako kabla hujafunga begi.

Kwa dada ambaye hajaolewa, nenda na maharimu wako: baba, kaka, mjomba, baba mdogo. Binamu si maharimu, tusijidanganye. Na mchumba pia si maharimu, hata kama mahari imeshalipwa. Mlima utawangoja mpaka nikaha ipite.

Watu watasema

Watasema hayo ni mambo ya wazungu. Mwaka 2019 Nadhira Al Harthy wa Oman alifika kilele cha Everest, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kufika. Ukoo huo si mgeni masikioni mwa watu wa visiwani. Na hapa kwetu Mwanza, mama wa Mabatini na Igogo anapanda mawe kila siku na ndoo ya maji kichwani. Tumekuwa wapanda milima tangu tuzaliwe, ila hakuna aliyetuambia kwamba tunaweza kupanda kwa furaha, bila ndoo.

Watasema bi harusi lazima apendeze, mume asimwone na jasho na vumbi wiki ya kwanza. Mimi hapo ndipo ninapokataa kabisa. Mkijaaliwa, atakuona kwenye uchungu wa kuzaa. Atakuona unauguza mtoto usiku kucha. Atakuona siku duka halijauza hata mita moja. Bora aanze kukuona sasa, mkiwa na nafasi ya kucheka, kuliko kukutana na uso wako halisi siku ya dhiki. Fungate ya wazee wetu ilikuwa siku saba za wawili kujuana, haikuwa siku saba za picha.

Wengine watasema, je, kama safari itanifunulia tabia mbaya? Ndiyo, inawezekana. Ukiona mtu anayefoka njaa ikimshika, au anayehesabu kila shilingi uliyonywea chai, umejua mapema. Mnaongea mkiwa bado wageni wa heshima kwa kila mmoja, au mnawaita wazee wakati jambo bado dogo. Tabia isiyojulikana haitoweki, inangoja tu siku mtakapokuwa na watoto wanne.

Wala sisemi kila ndoa iende Lushoto. Mwenye ujauzito au maradhi ya moyo, miguu na pumzi, amuone daktari kwanza. Asiye na uwezo wa hata hiyo laki tisa, apande kilima cha mtaani kwake na mumewe Jumapili asubuhi, wabebe chai na mihogo. Cha msingi ni jasho la pamoja.

Kwa hiyo, kabla hujaleta kitambaa cha gauni la nne kwa fundi wako, hata kama fundi huyo ni mimi, mtume wali wako amuulize mchumba swali moja: baada ya walima, uko tayari kutembea na mwanetu siku tatu kwa miguu? Jibu atakalotoa, na namna atakavyolitoa, litakufaa kuliko shanga zote nitakazokushonea.

Wabillahi tawfiq.