Mfungaji bora tunamjua. Mchezaji bora tulimjuaje?

Ijumaa moja ya Novemba hii ya 2025, kabla ya adhana ya alfajiri, simu ilitetemeka chini ya mto. Simu ya saa kumi usiku kutoka ng'ambo hukufanya ufikirie msiba kwanza. Nikaishika kwa pupa. Alikuwa mpwa wangu aliyeko Seattle, Marekani, ameniletea sauti ya WhatsApp ya dakika nne, na alhamdulillahi hakuna aliyekufa. "Mjomba, wametudhulumu," anasema. "Wamempa Judge."

Kijana huyu aliondoka hapa Kizingitini akiwa mdogo, na huko alikokulia ameshika ushabiki wa Mariners, timu ya besiboli ya mji wake. Kwa asiyeijua besiboli, mmoja hurusha mpira, mwengine husubiri na rungu, na nyuma ya mwenye rungu huchutama mdakaji. Mpigaji akiupiga mpira ukavuka uzio, huzunguka vituo vyote mpaka arudi alipoanza, na hakuna pigo kubwa kuliko hilo. Msimu huu mdakaji wa Mariners, Cal Raleigh, alipiga mapigo ya namna hiyo 60. Hakuna mdakaji aliyewahi hata kugusa 50 kabla yake. Rekodi ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021. Aaron Judge wa New York Yankees alivusha 53, lakini wastani wake wa kupiga ulikuwa .331, juu ya wapigaji wote. Waandishi wa habari 30 wakapiga kura ya mchezaji mwenye thamani zaidi wa American League. Kumi na saba walimweka Judge nambari moja, na 13 wakamweka Raleigh.

Mpwa wangu hoja yake ni moja. Mdakaji huchutama mchezo mzima, huongoza warushaji wa timu yake, hugongwa na mipira mwilini, kisha akishika rungu awashinde wote kwa mapigo makubwa. Mtu kama huyo thamani yake waipima kwa wastani? Wenzake wanamjibu kwamba Judge alifanya mengi zaidi kila aliposimama na rungu, na hesabu zipo.

Siku hiyo hiyo baada ya swala ya Ijumaa nikakisimulia kisa hiki barazani. Besiboli haikudumu dakika tano. Mmoja akasema, "Hiyo ni kesi ya Rupia na Omala," na hapo tukakaa mpaka Alasiri.

Amesema kweli. Msimu wa 2022/23 Elvis Rupia wa Kenya Police alifunga mabao 27 katika Ligi Kuu ya Kenya. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Maurice Ochieng, yule waliyemwita Sonyi, aliyefunga 26 akiwa Gor Mahia mwaka 1976. Miaka 47 nambari ile ilikaa pale, wakaja washambuliaji wakaondoka. Na msimu huo huo wa Rupia, Benson Omala alifunga 26 kwa Gor Mahia, na Gor ndio waliochukua ubingwa. Bao moja ndilo lililowatenga. Rupia ana rekodi, Omala ana kombe. Nani alikuwa na thamani zaidi?

Vijana walisema Rupia, rekodi ni rekodi. Mzee mmoja, shabiki wa Gor tangu enzi za redio, akasema yeye hamtaki Rupia wala Omala, bora ni Sonyi, maana viwanja vya zamani vilikuwa vya vumbi na mpira mzito kama dafu. Kijana akamuuliza, "Mzee, Sonyi alicheza mechi ngapi mwaka ule?" Rupia na Omala walikuwa katika ligi ya timu 18, mechi 34 kwa kila timu. Mzee akataja nambari, jirani yake akataja nyengine, wa tatu akataja yake. Tuliachia hapo.

Wamarekani waliwahi kuwa na ugomvi kama huo. Babe Ruth alivusha mapigo 60 mwaka 1927 msimu ukiwa na mechi 154. Mwaka 1961 Roger Maris akavusha 61, lakini msimu ulikuwa umeongezwa ukawa wa mechi 162. Ford Frick, aliyekuwa mkuu wa mchezo huo, alitaka rekodi mbili zile ziandikwe mbali mbali. Walibishana miaka mingi. Ila tazama walichobishana: maana ya nambari. Nambari zenyewe hakuna aliyezikana, kwa sababu kila mechi ilikuwa imeandikwa.

Mimi kuhusu Rupia na Omala nina maoni yangu, na nitayasema ingawa yatanigombanisha na nusu ya baraza. Mfungaji bora ni hesabu. Unajumlisha, unampa mtu kiatu chake cha dhahabu, kesi imekwisha, na kiatu kile ni cha Rupia bila mjadala. Mchezaji bora ni hukumu. Unauliza timu ingekuwa wapi bila yeye, nani alisimama siku ngumu, nani aliwafanya wenzake wacheze. Haya ni maswali mawili, na kosa letu ni kulijibu la pili kwa jawabu la kwanza.

Mifano ya kuyatenganisha tunayo hapa hapa Kenya. Mwaka 2015 mfungaji bora wa ligi alikuwa Jesse Were wa Tusker, mabao 22. Michael Olunga wa Gor Mahia alifunga 19. Gor walimaliza msimu ule bila kupoteza mechi hata moja, na tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa Olunga. Waliompigia Were makofi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki yake. Lakini angalau ilionekana kwamba kiatu na tuzo ni vitu viwili.

Kisha Olunga huyo huyo akaenda Japani na kuipindua hoja. Mwaka 2019, siku ya mwisho ya daraja la pili, Kashiwa Reysol waliwafunga Kyoto Sanga 13-1 na yeye peke yake akafunga manane. Mwaka uliofuata timu ikapanda daraja la kwanza, akafunga 28 katika mechi 32, aliyemfuata akiwa na 18. Ubingwa ulikwenda Kawasaki Frontale kwa pointi 83, tena mapema, ligi bado haijakwisha. Kashiwa walishika nafasi ya saba. Ya saba! Na bado Disemba 2020 mchezaji bora wa J.League akatajwa kuwa Olunga.

Ukitaka kujua ukubwa wa jambo lile, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1997 Patrick Mboma wa Kamerun, akiwa Gamba Osaka, alikuwa mfungaji bora wa ligi hiyo hiyo kwa mabao 25. Mchezaji bora akatoka timu bingwa, Jubilo Iwata, naye ni Dunga, kiungo Mbrazili ambaye kazi yake haikuwa kufunga. Kwa hiyo ligi moja imejibu swali moja kwa njia mbili. Mwaka 1997 ilimpa tuzo aliyeiendesha timu bingwa, mwaka 2020 ikampa aliyeibeba timu ya saba mgongoni. Nadhani zote mbili zilikuwa sawa. Karibu nusu ya mabao ya Kashiwa yalitoka mguuni mwa mtu mmoja. Mtoe, uone kama nafasi ya saba ingepatikana. Na kwa kipimo hicho hicho, mpwa wangu anisamehe, mimi pia ningempigia kura Raleigh.

Sasa nije nyumbani, maana ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Mashindano yetu ya kisiwa ya mwaka jana yalikuwa na kamati ya tuzo ya watu watatu. Mimi nilikuwa katibu, cheo nilichopewa kwa sababu nina diploma na huwa sikosi kalamu mfukoni. Siku ya fainali jua lilikuwa linazama, mfadhili ana haraka ya kuwahi boti, watu wamejaa wanapiga vigelegele. Tukaambiwa, "Haya, mchezaji bora nani?" Tukatazamana. Mshambuliaji mmoja alikuwa na mabao tisa, ndilo jambo pekee tulilokuwa na hakika nalo, tukamtaja. Akapewa jezi, viatu na bahasha. Sina ugomvi naye, ni kijana hodari.

Lakini katika yale tisa, manne aliyafunga mechi moja, dhidi ya timu iliyosimama uwanjani na watu wanane. Wenzao watatu walikuwa wamekwama baharini. Maji yalikuwa ya kupwa, mashua imekaa mchangani, na refarii akakataa kungoja. Sote tuliiona mechi ile. Hakuna aliyeandika kwamba walikuwa wanane. Ilipofika siku ya tuzo, mabao manne yale yalikuwa na uzito sawa na bao lolote.

Na palikuwa na kipa. Kila aliyehudhuria mashindano yale anajua nimsemaye, jina lake silitaji hapa. Nakumbuka nusu fainali alivyotoa mpira wa kichwa uliokuwa umeshaingia kwa macho yetu sote, na nakumbuka penalti mbili. Nakumbuka, basi. Alifungwa mangapi mashindano mazima? Alitoka mechi ngapi bila kufungwa? Mimi katibu sijui.

Swali hilo niliulizwa na kocha mmoja wa Mombasa miezi michache baadaye. Alikuwa anatafuta kipa kijana, mtu akamtajia wa kwetu, akanipigia mimi kwa kuwa ndiye katibu. Mechi ngapi, amefungwa mangapi, ana miaka mingapi, ipo video? Nikamjibu, "Ni mzuri sana, wallahi." Kocha akacheka kwa upole. "Ustadh, kila kijiji huniambia hivyo." Hakupiga tena.

Kipa wetu ni mzamiaji. Kaskazi hii imeingia, bahari imetulia na maji yameanza kung'aa, kila asubuhi yuko majini anatafuta kamba mawe. Nilimkuta juzi bandarini anapimiwa mzigo wake. Mnunuzi ana daftari kubwa lenye jalada gumu, na ndani yake kila mzamiaji ana ukurasa, tarehe, kilo, bei, deni. Nikamuuliza kipa kwa mzaha, mwezi kama huu mwaka jana ulitoa kilo ngapi? Mnunuzi akafunua kurasa, akanionyesha siku kwa siku. Kamba wa Kizingitini wanaandikwa mmoja mmoja mpaka gramu. Kijana anayewatoa chini ya mwamba, akiingia uwanjani hana hata mstari.

Najua yatakayosemwa. Mzee wetu mmoja ameshaniambia kwamba mpira ni mchezo, nisiugeuze duka. Mwengine amesema ukianza kuandika nambari vijana watacheza kwa ajili ya nambari, mshambuliaji hatatoa pasi, kila mmoja atataka ukurasa wake ujae. Hilo la pili lina ukweli na linanisumbua. Nimeona vijana wanaohesabu mabao yao kabla hata ya kuuliza timu imeshinda ngapi. Dawa yake, kwa akili yangu, ni kuandika zaidi. Andika aliyefunga na aliyempa pasi. Andika kipa aliokoa mangapi. Andika timu ilikuja na watu wangapi na kwa nini. Bao likiwa na maelezo yake pembeni, hata mtu asiyekuwepo ataweza kulipima.

Hasara ya kutoandika tumeshaila mara nyingi Pwani hii. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Nimewahi kukaa na wazee Mombasa nikawauliza nani alikuwa moyo wa timu ile. Kila mmoja ana jina lake na sifa zake, na kila mmoja anaapa. Ile ni timu bingwa ya nchi nzima. Timu ya Faza, Tchundwa au Mbwajumwali ataikumbuka nani?

Mashindano yajayo yataanza baada ya Idd, inshaallah. Nimeshanunua daftari, kurasa 96, na vijana wawili wa sekondari wamekubali kukaa kando ya uwanja kila mechi, mmoja anatazama, mmoja anaandika. Kuhusu tuzo, nimependekeza kwa kamati kwamba mchezaji bora apigiwe kura na manahodha wa timu zote, na nahodha asimpigie mtu wa timu yake. Mfadhili asiwe na kura. Sehemu hiyo ya mwisho bado inajadiliwa, na nimeambiwa nipunguze ukali.

Jana mfadhili mwenyewe alinitumia ujumbe, kwa heshima kabisa. Anataka kuagiza kikombe Mombasa mapema, pesa aliyo nayo ni ya kikombe kimoja, na fundi anauliza achonge "mfungaji bora" au "mchezaji bora". Nimemjibu achonge mchezaji bora. Mfungaji tutampa mpira mpya, na hesabu ya mabao yake tutaiandika juu yake kwa wino usiofutika, pamoja na idadi ya watu waliokuwa wamesimama upande wa pili.