Mwani si mwani tu, jamani

Umeme umerudi, maji bado, maisha yanasonga. Juzi darasani tumebishana mpaka kipindi kikaisha: ukifuga nungunungu wa bahari, umlishe mwani gani? Jamaa mmoja kasimama, eti "mwani ni mwani, watupie spinosamu, Zanzibar upo wa kumwaga." Mimi nakataa.

Kwanza tuelewane kinachouzwa. Wajapani wanakula kile cha ndani, wanakiita uni. Watu husema ni mayai, kumbe ni tezi za uzazi, vipande vitano, dume anazo na jike anazo. Mnunuzi anaangalia rangi. Anataka njano iliyokolea au chungwa. Zikipauka bei inaanguka. Na rangi hiyo haitoki hewani bwana. Mnyama anapata beta-karotini kwenye chakula, mwilini anaigeuza kuwa ekinenoni, ndo inayopaka rangi. Ukimlisha chakula cha kiwandani chenye protini nyingi tu, tezi zitanenepa kweli, ila zinaweza kutoka nyeupe nyeupe na ladha ya ajabu.

Sasa spinosamu. Akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu 1989 kwa sababu viwanda vinataka karajinani iliyomo. Protini yake ndogo. Kuwa mwingi ufukweni hakuufanyi uwe lishe, ni kama kusema mkonge ni mboga kwa vile Tanga umejaa!

Kura yangu naipa ulva, ule wa kijani laini kama saladi. Watafiti wa Afrika Kusini walimfuga Tripneustes gratilla, huyu huyu tunayemkuta kwenye majani ya bahari huku kwetu. Chakula chao cha kuchanganya kilipowekwa ulva asilimia 20, wanyama walikula zaidi. Tena ulva hauhitaji shamba la peke yake. Mwaka 2002 Flower Msuya na mwenzake Amir Neori walichapisha kazi ya Makoba, Unguja, wakionyesha ulva na grasilaria zinavyosafisha maji yanayotoka kwenye mabwawa ya samaki. Mwani unanyonya amonia ya samaki, nao unazidi kuwa na protini. Uchafu wa bwawa unageuka msosi.

Wapo wanaosema tukavune tu wa porini, ni bure. Bure ya nani? Kaskazini mwa California msitu wa mwani ulipotea kwa zaidi ya asilimia 90 baada ya 2014, na nungunungu wenyewe walichangia kuutafuna. Diani nako wameshafyeka majani ya bahari, maana kikande na samaki wengine wanaowala wamevuliwa mno. Halafu mwani mbichi karibu wote ni maji, utalipia lori kubeba maji?

Kwa hiyo mabwawa ya samaki kwanza, ulva kwenye mfereji wa kutolea maji, nungunungu ndo wafuate. Spinosamu waachieni akina mama wauze, ila bei wanayopewa nayo ni aibu, hiyo nitaiandika siku nyingine.