Usiamini Alichoandika Mtumiaji: Somo la Uhaba wa Ozempic

Wasomaji wangu, leo siandiki kuhusu Linux wala simu mpya. Naandika kuhusu dawa ya kisukari. Msifunge ukurasa kwanza, maana jambo hili linahusu programu kuliko mnavyodhani.

Kila anayejifunza kuandika programu hufundishwa mapema: usiamini kamwe alichoandika mtumiaji kwenye fomu. Akiandika kwamba ana miaka 200, kagua. Akidai yeye ndiye msimamizi wa mfumo, kagua. Nchi tajiri ziliacha kanuni hii zilipoanza kuuza dawa mtandaoni, na walioumia ni wagonjwa wa kisukari.

Historia kwa ufupi. Ozempic hutengenezwa na Novo Nordisk ya Denmark. Dawa iliyo ndani inaitwa semaglutide. Huiga homoni ya utumbo: husaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na humfanya mtu ajihisi ameshiba. Marekani iliiidhinisha Desemba 2017 kwa kisukari cha aina ya 2. Kwa unene, kampuni hiyo ilipata kibali Juni 2021 cha kuuza dawa ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa jina la Wegovy.

Wegovy ikaadimika mapema, kwa sababu wateja walikuwa wengi na kiwanda kilichojaza sindano zake huko Brussels kilisimama kwa muda. Basi watu wakaigeukia Ozempic, nje ya kibali chake. TikTok ikajaa video za waliopungua. Mwaka 2022 Ozempic ikaingia kwenye orodha ya Marekani ya dawa zilizo adimu. Uhaba wa semaglutide haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka Februari 2025.

Sasa tazameni Uingereza. Julai 2023 serikali iliwatumia madaktari na wafamasia tahadhari: dawa za kundi hili zisiandikwe kwa kupunguza uzito nje ya kibali, na upatikanaji hautarajiwi kutengemaa kabla ya katikati ya 2024. Maneno mazuri. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mtu alifungua tovuti ya duka la dawa, akajaza uzito na urefu wake, akabofya, akasubiri mzigo mlangoni. Nani alimpima? Hakuna. Ni Februari 2025 ndipo mdhibiti wa maduka ya dawa alipoagiza kwamba fomu peke yake haitoshi, na uzito uthibitishwe kwa njia nyingine, kama vile video au rekodi za daktari wa mgonjwa. Februari 2025! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angewaambia hilo siku ya kwanza.

Na msidhani aliyekosa dawa alipoteza wiki chache tu. Ozempic huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki, kisha hupandishwa polepole ili mwili uzoee. Mgonjwa akikosa dozi kadhaa, daktari anaweza kulazimika kumrudisha mwanzo. Ni kama seva inayofuta kazi yako yote umeme ukipotea, ila hapa kinachoharibika ni figo na macho ya mtu.

Najua majibu yanayokuja.

Moja: "Unene nao ni ugonjwa." Kweli kabisa, na sina ugomvi na mtu mnene anayetafuta tiba. Ugomvi wangu ni na mfumo unaomweka anayetaka kupunguza kilo nne kabla ya harusi mbele ya mgonjwa wa kisukari, kwa sababu tu kadi yake ya benki ilikubali haraka.

Mbili: "Soko litajirekebisha, viwanda vitaongezwa." Viwanda viliongezwa, na ndivyo uhaba ulivyopungua. Lakini ilichukua miaka. Foleni haipangwi siku ambayo kila mtu amepata. Hupangwa siku ambayo hakitoshi.

Tatu: "Haiwezekani kumkagua kila mtu." Uongo. Oktoba 2023 kalamu bandia za Ozempic zilikamatwa kwa wauzaji wa jumla Ulaya. Zilijulikanaje? Boksi zilipopitishwa kwenye kisomaji, mfumo ulionyesha kwamba namba zake hazitumiki tena. Yaani Ulaya ina hifadhidata inayoweza kukagua boksi moja moja la dawa, lakini fomu ya mnunuzi ikaaminiwa ilivyo. Ubelgiji, Novemba 2023, ilitangaza kwamba itazuia kwa muda Ozempic kutumiwa kupunguza uzito. Nchi ikitaka, inaweza.

Mwauliza haya yanatuhusu nini sisi wa Nairobi na Mombasa? Mwaka 2024 hospitali za umma za Afrika Kusini zilianza kukosa kalamu za insulini ya kawaida, baada ya Novo Nordisk kutoendelea na zabuni ya serikali. Kampuni ilitaja uwezo mdogo wa kutengeneza. Haikusema ni kwa sababu ya dawa za kupunguza uzito. Wagonjwa wakarudishwa kwenye chupa na sindano. Hapo ndipo Afrika inaposimama kwenye foleni isiyo na kanuni: mwisho.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika programu za hospitali na maduka ya dawa hapa kwetu, msingoje dawa nyingine iadimike. Wekeni sehemu ya ugonjwa uliothibitishwa na daktari, na mfumo ukatae kutoa dawa iliyo haba bila hiyo. Wekeni daraja la kipaumbele linaloweza kuwashwa siku uhaba ukitangazwa. Si kazi kubwa, ni meza chache za hifadhidata. Na mwenye duka akiwaambia "acha tu ipite, mteja analipa", mkatalieni.

Anayepinga aandike hapo chini. Ila aje na hoja.