Istilahi za Kwanta: Samaki Mkunje Angali Mbichi

Nikiwa likizoni nyumbani Uriri, katika Kaunti ya Migori, kijana jirani aliyesomea uundaji wa programu alinionyesha jambo la kustaajabisha. Kwa kipakatalishi kikuukuu, aliandika mistari michache ya programu, akaituma mtandaoni kwa tarakilishi ya kwanta iliyo ng'ambo, na baada ya muda majibu yakarudi. Kisha akaniuliza: "Ndugu, wewe ndiwe msomi wa Kiswahili. Nimweleze vipi mdogo wangu wa kidato cha tatu mambo haya?" Nilinyamaza. Makala haya ni jibu ambalo sikuwa nalo siku hiyo.

Wengi hudhani kwamba kikwazo cha mwanaprogramu wa kwetu ni ukosefu wa mashine. La hasha. Mwaka 2016 kampuni ya IBM ilifungulia umma, kupitia mtandao, tarakilishi yenye kubiti 5. Mwaka 2017 ikatoa Qiskit, zana za programu zinazotumia lugha ya Python, ambayo vijana wengi tayari wanaifahamu. Hisabati ya mwanzo nayo ni vekta na matriki, mada zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari. Namba changamano ndizo zinazohitaji kuongezwa. Kinachokosekana ni maelezo sahihi katika lugha yetu.

Nasema sahihi kwa makusudi. Hufafanuliwa mara nyingi kwamba kubiti ni kama sarafu iliyorushwa hewani, ambayo bado haijawa kichwa wala mwenge. Mfano huu unapotosha. Uwezekano wa sarafu hujumlishwa tu, haufutani. Uwezekano wa kubiti hutokana na viwango vinavyotenda kama mawimbi. Aliyesimama ufuoni mwa ziwa, Karungu au Homa Bay, ameona mawimbi mawili yakikutana: kilele kwa kilele huinuka zaidi, kilele kwa bonde hufutana. Kazi ya mwanaprogramu wa kwanta ni kupanga hatua zake ili njia za majibu yasiyofaa zifutane na za jibu linalofaa ziimarike.

Je, dhana hiyo tuiite "mwingiliano"? Neno hilo tayari tunalitumia kwa vitu vinavyoathiriana kwa namna yoyote ile, na mwanafunzi atachanganyikiwa. Napendekeza "mkutano wa mawimbi". Hali ya kubiti yenye sehemu ya sifuri na sehemu ya moja kwa pamoja tuiite "hali mseto". Kubiti mbili zisizoweza kuelezwa kila moja peke yake ziwe katika "mfungamano". Anayeyapinga mapendekezo haya na alete bora zaidi.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia hii ni changa mno. Ni kweli kwamba tarakilishi hizi bado hukosea kwa wepesi, na haijulikani zitaenea lini. Hata hivyo, mwaka 1994 Peter Shor alibuni mbinu inayoonyesha kwamba tarakilishi ya kwanta yenye nguvu ya kutosha itaweza kuvunja aina za usimbaji fiche zinazolinda mawasiliano mengi. Kwa sababu hiyo, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vipya vya usimbaji mwaka 2024, kabla ya mashine hiyo kupatikana. Wanahisabati hawakusubiri. Kwa nini sisi tusubiri?

Tulikwisha kusubiri mara moja. Programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, iliyotayarishwa kwa Kiswahili huko Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2004, wakati watumiaji walikuwa wamekwisha kuzoea Kiingereza. Hadi leo tunabishana kati ya tarakilishi, kompyuta na ngamizi. Samaki huyo alikauka kabla hatujamkunja.

Wanafunzi wenzangu, wala hatuhitaji kamati kubwa. Kila chama cha Kiswahili chuoni kiketi na wanafunzi wa fizikia na tarakilishi, kiandike masomo mafupi kumi, na kila istilahi ijaribiwe kwa mwanafunzi wa sekondari: je, akiisikia, anaielewa dhana au anakariri neno tu? Wahadhiri wetu wayahakiki. Mimi nitaanza na yule mdogo wa kidato cha tatu, Uriri, likizo ijayo.